Nyama Iliyovishwa Ukoko

Sostenes alikuwa mpishi wa kuvisha. Ndivyo alivyojitambulisha popote alipokwenda, tangu stesheni ya Dodoma hadi kwa wajomba zake Ihumwa, na mtu asiyemjua alidhani anashona kanzu.

"Sishoni," alikuwa akisema, akijinyoosha kama mtu anayetaka kuhutubia. "Mimi navisha nyama. Nyama iliyo uchi ni ya porini. Iliyovaa ndiyo ya mezani."

Alizaliwa hukohuko Ihumwa, kabla reli haijawazwa, akachunga ng'ombe wa mjomba wake mpaka siku alipotumwa kupeleka mbuzi misheni. Alipofika uani akasikia harufu ya vitunguu vikiiva kwenye siagi. Mbuzi alifikishwa salama, lakini Sostenes hakurudi. Wale Wazungu wa dini wakambatiza, wakamfundisha kusoma, wakamfundisha kuchemsha viazi. Baada ya mwaka mama yake, ambaye alikuwa mjane, alimfuata ili amkamate sikio amrudishe nyumbani. Naye pia akabaki. Alibatizwa Anyesi, jina alilolichagua mwenyewe kati ya matatu aliyopewa, kwa sababu mengine mawili, alisema, yalimkwama kooni.

Ufundi wenyewe wa kuvisha Sostenes aliupata relini. Wadachi, ndio Wajerumani, walipokuwa wakileta reli kutoka pwani, alipika kambini kwa fundi mmoja wa madaraja, mtu mnene mwenye uso wa huzuni, ambaye kila Jumapili aliingia jikoni mwenyewe na kufunga aproni. Fundi huyo alimfundisha sahani tatu. Ya kwanza ina unga wa ngano. Ya pili ina mayai yaliyopigwa. Ya tatu ina chenga za mkate mkavu uliotwangwa. Kipande cha nyama ya ndama, kilichopondwa mpaka kikawa chembamba kama sikio la mbuzi, kinalazwa kwenye unga, kinaogeshwa kwenye yai, kinafunikwa kwa chenga. Usikigandamize kwa nguvu, fundi alisema, maana nguo ikibana mno haipumui. Kisha kikaangwe kwenye samli nyingi, na sufuria itikiswe ili samli ipande juu ya nyama kama maji yanayopanda ukingoni. Ndipo nguo inapofura kidogo, inajitenga na nyama, na ukiigusa kwa uma inalia. Chakula hicho fundi alikiita shinitseli.

Fundi yule alisonga mbele na reli yake kuelekea Tabora. Sostenes akabaki Dodoma na sahani zake tatu, na majivuno yanayolingana nazo. Alivisha maini. Alivisha ubongo. Alivisha vipande vya boga, na mtu mmoja aliyekula akaapa kwamba ni samaki. "Nipe kubazi la ngozi lililokwisha," aliwaambia watu pale Kikuyu, kitongoji cha Dodoma alipokuwa akiishi na mama yake, "nitalivisha, utalila, na utaniuliza kama la pili lipo."

Kwa sifa hizo alichukuliwa na Mdachi aliyesimamia njia ya reli upande huu wa nchi, mtu mrefu mwenye masharubu meupe aliyoyapaka mafuta na kuyasokota kila asubuhi. Jina lake lilikuwa refu na lilianzia puani, kwa hiyo watu walimpa lingine: Bwana Sitaki. Mtama, sitaki. Mlenda, sitaki. Maziwa mgando, sitaki, ondoa. Alikuwa na miaka miwili Dodoma na alijivunia kwamba hakuna tonge lolote la nchi hii lililopita kwenye meno yake, isipokuwa nyama na mayai, ambavyo alisema havina kabila.

Siku moja, Sostenes akiwa ndio kwanza ameanza kazi, Bwana Sitaki aliingia jikoni akamkuta anakula ugali wake wa uwele pamoja na Zaidi, boi wa mezani. Bwana alikinyanyua chungu, akakitoa nje, akakimwaga chote mbele ya kuku.

"Hiki chakula cha kuku," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Jikoni yangu hakuna harufu ya kuku. Mara ya pili, boma. Kiboko ishirini na tano."

Kuku walikuja mbio. Sostenes na Zaidi walisimama wakiwatazama. Zaidi alikuwa Mrangi wa Kondoa, mtu mpole mwenye kanzu isiyo na doa, na alikuwa amekaa na Wajerumani miaka mingi hata akashika lugha yao na kuisoma, bila wao kujua ni kiasi gani.

"Basi kuku wa Bwana Mkubwa," Zaidi alisema polepole, "leo wamekula vizuri kuliko Bwana Mkubwa."

Neno hilo Sostenes alilicheka siku nzima, lakini lile la boma hakulisahau. Alikuwa amewahi kumwona mtu akitoka boma la serikali baada ya ishirini na tano. Mtu yule alitembea kama aliyebeba maji kifuani, akiogopa kuyamwaga.

Mwaka uliofuata mvua zilinyesha kama zina kisasi. Mto ukafurika kule Gulwe, ukaubeba ukingo wa reli na mataruma yake, na vyuma vikabaki vinaning'inia hewani. Treni za kutoka pwani zikakatika. Bwana Sitaki alipanda kiberenge kwenda kutazama, akarudi na matope mpaka kiunoni, akasema wiki tatu. Waliofika naye wakasema mwezi na nusu.

Unga wa ngano ulikuja kwa treni hizohizo. Uliobaki ghalani uliingiwa na wadudu, ukachekechwa, ukachekechwa tena, ukaisha. Siku ya Ijumaa Sostenes aliukata mkate wa mwisho. Jumamosi asubuhi alikwenda barazani, kofia mkononi.

"Bwana Mkubwa, kesho Jumapili. Mkate hakuna. Labda nichome nyama tu?"

Bwana Sitaki alikuwa anasoma simu ya maandishi iliyotoka Gulwe. Hakuinua macho. "Kesho Jumapili. Kesho shinitseli."

"Bila mkate, Bwana Mkubwa..."

"Sitaki bila."

Sostenes alirudi Kikuyu akiwa na kichwa kizito. Alijaribu kufikiri: unga wa mtama mtupu utaganda kama udongo wa ukuta. Karanga zilizopondwa zitaungua kabla nyama haijaiva. Alipokaribia tembe ya mama yake akasikia kitu kikilia ndani. Kwa, kwa, kwa. Akasimama mlangoni.

Mama Anyesi alikuwa ameketi kwenye kigoda, amekipakata chungu cha ugali, anabandua ukoko wa uwele uliokauka, anautafuna. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini mwenye meno yake yote, na alipenda dunia nzima ijue. Ugali wenyewe aliwaachia wengine. Ukoko ulikuwa wake tangu alipoolewa, na marehemu mumewe alipata kufukuzwa nje kwa kuugusa.

"Mama, shikamoo," alisema Sostenes, macho yake yakiwa kwenye chungu.

"Marahaba. Mbona unanitazama mdomoni kama fisi?"

"Tafuna tena."

"Nini?"

"Tafuna tena, mama, nisikie."

Akatafuna. Kwa, kwa, kwa. Sostenes akafumba macho, akaiona nguo ya nyama ikiguswa kwa uma.

"Mama, naomba huo ukoko. Wote."

Anyesi alikumbatia chungu. "Una wazimu. Wa nini?"

Kumwambia mama yake ukweli kungekuwa sawa na kupiga ngoma sokoni. "Kuku wa Bwana," alisema. "Hawatagi. Mvua imewaharibu."

"Kuku wa Mdachi wale ukoko wangu mimi?"

"Siku chache tu. Nitakuletea sukari guru."

Mama Anyesi aliupenda ukoko, lakini sukari guru nayo ilikuwa haiji tangu mto ulipobomoa reli. Alifikiri kwa muda mrefu, huku anaendelea kutafuna, kisha akakisukuma chungu kwa mguu.

Sostenes aliuanika ukoko juu ya paa bapa la tembe, jua la mchana likaumaliza. Akaukaanga mkavu kidogo ili utoe harufu ya moshi, akautwanga, akauchekecha: laini upande huu, chenga upande ule. Tatizo likawa rangi. Chenga za uwele zilikuwa za kijivu kama majivu ya jikoni, na Bwana Sitaki hakuwa kipofu. Zaidi ndiye aliyelitatua. Alitia mkono ndani ya kanzu, akatoa kifundo cha bizari ya manjano.

"Mke wangu Mwantum hupikia wali," alisema. "Kidogo tu. Ikizidi, utakuwa umevisha nyama kanzu ya arusi."

Jumapili mchana Sostenes alipanga sahani tatu kama kawaida. Ya kwanza ilikuwa na ule unga laini wa ukoko mahali pa ngano. Ya pili mayai. Ya tatu chenga za manjano. Alipolaza kipande kwenye samli, akaomba Mungu wa misheni, akamtaja na yule wa wajomba zake wa Ihumwa asije akajisikia ameachwa. Nguo ikafura. Ikawa na rangi ya dhahabu nzito. Zaidi akabeba sahani, akaenda nayo akitembea kama anayepeleka mtoto kubatizwa.

Sostenes alitega sikio kwenye upenyo wa ukuta. Uma ukagonga sahani. Kisha: kwa.

"Zaidi!" Bwana aliita. "Mpishi aje."

Sostenes alikwenda akihesabu moyoni kutoka moja hadi ishirini na tano. Bwana Sitaki alikuwa ameshika uma hewani, na juu ya uma kuna kipande.

"Mkate huu. Umetoka wapi?"

Sostenes alifungua mdomo, na kilichotoka hakukifikiri hata kidogo. "Kopo, Bwana Mkubwa."

"Kopo gani?"

"Kopo la Ulaya. Lilikuwa nyuma ya masanduku. Chenga za mkate, tayari zimetwangwa."

"Nimelifungua mimi mwenyewe," Zaidi akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi.

Bwana Sitaki alitafuna. Alimeza. Alisokota ncha ya sharubu. "Watu wetu nyumbani," alisema, "sasa wanajua kazi. Hii bora kuliko mkate. Leta nyingine."

Jikoni, Zaidi alijifunika uso kwa kitambaa cha sahani na kucheka bila sauti mpaka akakaa chini. Sostenes hakucheka. Alikuwa anatafuta kopo. Akalipata moja tupu la biskuti, lenye maandishi ya Kidachi yaliyobanduka nusu kwa unyevu. Akayakwangua yaliyobaki kwa kisu, akamimina chenga ndani, akaliweka kwenye rafu mahali panapoonekana.

Wote wawili walidhani ni la siku moja. Lakini Jumatatu Bwana alitaka shinitseli. Jumanne pia. Kufikia Jumamosi alikuwa hataki kitu kingine. Kuku alivishwa, figo zilivishwa, hata yai la kuchemsha likavishwa likaangwa. Ukoko wa chungu kimoja haukutosha. Zaidi akaanza kupita Kikuyu nzima nyumba kwa nyumba na kikapu, akisema kuku wa Bwana Mkubwa wanaumwa. Watu walitoa, lakini walishangaa ni kuku gani hao wanaokula vyungu kumi kwa siku na hawanenepi.

Ila kulikuwa na mmoja aliyekuwa akibadilika. Bizari haina siri. Masharubu ya Bwana Sitaki, yale meupe ya kupakwa mafuta, yalianza kushika rangi kwenye ncha, kisha katikati, na wiki ya pili ilipoisha yalikuwa ya manjano kama kifaranga wa siku tatu. Yeye alipojitazama kwenye kioo alidhani ni jua la Ugogo. Alibadilisha mafuta.

Mama Anyesi alimwona akipita kwenye kiberenge, akageuka kumtazama tena. Alikuwa na wiki mbili bila ukoko. Sukari guru aliyoahidiwa hakuiona. Akajifunga kanga, akaenda hadi nyumba ya Bwana, akazunguka nyuma, na akalitazama banda la kuku. Kulikuwa na kuku watano, wanene, wanaochakura minyoo kwenye matope.

Akamsubiri Zaidi njiani.

"Mwanangu Zaidi," alisema kwa upole uliopaswa kumwogopesha, "wewe ni mtu wa dini, hudanganyi wazee. Ukoko wangu unakwenda wapi?"

Zaidi alijaribu. Alitaja kuku, akataja ugonjwa, akafika kwenye dawa, kisha kicheko kikamshinda, na akamweleza yote, sahani ya kwanza mpaka ya tatu, na kopo.

Mama Anyesi hakucheka. Aliuliza jambo moja tu. "Yule aliyemwaga ugali wa mwanangu kwa kuku?"

"Huyohuyo, mama."

"Na anapenda?"

"Jana kakomba sahani kwa kidole."

Mama Anyesi alirudi Kikuyu. Sostenes alipofika nyumbani, mama yake alikuwa ameshapanga vyungu vyote vya jirani mstari mmoja, na wanawake watano wanatwanga ukoko kwenye vinu.

"Kwa nini ulinidanganya?" alimwuliza.

Sostenes aliinamisha kichwa. "Niliogopa, mama. Ukijua wewe, watu wote watajua."

"Na kweli," alisema Anyesi. "Wamejua." Akashika mchi wake, akaanzisha wimbo. Ulikuwa wa Kigogo, wa kutwangia, na wenzake waliuitikia kwa mchi na kifua. Maana yake ilikuwa hii: *Ukoko wangu umepanda mezani, umekalia kitambaa cheupe, aliyesema sitaki, sitaki, analamba masharubu.*

Sostenes alichungulia njiani. "Mama, utaniua!"

"Anajua Kigogo?"

"Hajui."

"Basi nyamaza, ushike chekecheke."

Kwa siku kadhaa wimbo ule ulitwangwa Kikuyu nzima, na Bwana Sitaki alipopita aliinua mkono, kwa kuwa kila aliyekuwa akitwanga alimtazama kwa uso wa furaha. Alimwambia Zaidi kwamba watu wa hapa hatimaye wameanza kuipenda reli.

Ndipo akaja mgeni kutoka upande wa Kilimatinde, ambako njia ilikuwa nzima. Alikuwa daktari wa ng'ombe, Mjerumani mfupi mwenye miwani na kaptula iliyotiwa viraka, aliyezunguka miaka kumi kwenye maboma ya ng'ombe ya Ugogo. Watu walimwita Bwana Mbukwa, kwa sababu alimsalimu kila mtu "Mbukwa!" kabla hajasalimiwa, na akisalimu hivyo hakuishia hapo. Aliuliza habari za ndama kwa majina.

Sostenes aliposikia ni nani aliyeshuka, aliacha kisu chini. "Zaidi. Huyu anajua Kigogo."

"Kuliko wewe," alisema Zaidi.

"Kimbia Kikuyu. Mwambie mama anyamaze."

Zaidi alikimbia, lakini Wazungu wawili walikuwa wameshatangulia. Bwana Mbukwa alitaka kutazama ng'ombe wa watu wa Kikuyu kabla ya chakula cha mchana, na njia ya kwenda huko ilipita mbele ya vinu. Zaidi aliwakuta wamesimama. Michi ilikuwa inapanda na kushuka. Mama Anyesi alikuwa amemwona mgeni, alimfahamu, na badala ya kunyamaza alipandisha sauti.

Mgeni alisikiliza ubeti wa kwanza akitabasamu. Ubeti wa pili akaacha kutabasamu, akamgeukia mwenyeji wake, akayatazama masharubu. Alitazama hasa rangi. Kisha akavua miwani na kuanza kuifuta kwa shati, mabega yakimtikisika.

"Wanaimba nini?" aliuliza Bwana Sitaki kwa Kidachi. Zaidi alielewa kila neno.

"Wanamsifu mpishi wako," alisema Bwana Mbukwa.

Mezani, Zaidi aliwaletea sahani. Mgeni aliweka kipande mdomoni, akakitafuna taratibu huku amefumba macho, kwa, kwa, kama mtu anayesikiliza sauti ya rafiki chumba cha pili.

"Ajabu," alisema. "Chenga hizi unapata wapi?"

"Kopo," Bwana Sitaki akasema kwa fahari. "Zaidi, leta kopo!"

Kopo likaletwa. Bwana Mbukwa alilipeleka karibu na miwani, akaligeuza, akasoma bati tupu lililokwanguliwa kana kwamba kuna maandishi ambayo yeye tu anayaona. "Ukoko na Wanawe," alisoma. "Kampuni ya zamani. Nilikuwa sijui kama wanauza mpaka huku."

"Siijui," alisema Bwana Sitaki. "Ni ya kwetu kusini, bila shaka. Nitaagiza makopo kumi na mawili."

Zaidi alitoka na sahani tupu, akafika jikoni, akamwambia Sostenes maneno hayo neno kwa neno, na kabla Sostenes hajaamua acheke au akimbie porini, mlango ukafunikwa na kivuli. Bwana Mbukwa alikuwa amesimama pale, na nyuma yake Mama Anyesi, kanga begani, kwa kuwa alikuwa amewafuata.

"Mbukwa, mpishi," alisema mgeni. "Kopo nimeliona. Sasa nipe chungu."

"Chungu gani, Bwana?" Sauti ya Sostenes ilitoka nyembamba.

"Usimchezee," alisema Mama Anyesi. "Nimekileta mimi." Akatoa chungu chini ya kanga, na kibuyu cha mlenda.

Mgeni alikaa kwenye kigoda, akabandua ukoko kipande kikubwa, akachovya mlenda, akala. Mama Anyesi akakaa mkabala naye, naye akabandua wake, wa kwanza baada ya wiki tatu. Walitafuna pamoja. Sauti ile ilijaza jiko, ikatoka nje, ikavuka ua, ikafika barazani ambako Bwana Sitaki alikuwa anavuta kiko.

Alikuja na kiko mkononi. Alisimama mlangoni, akatazama chungu, akatazama kopo, akatazama unga wa manjano kwenye kinu. Alikuwa mtu wa reli, si mjinga. Vyuma vikipangwa mbele yake alijua njia inaelekea wapi. Akainua mkono wake pole pole, akagusa masharubu.

"Sostenes," alisema. "Chenga zile ni nini?"

Kulikuwa na uongo mwingine mwingi unaowezekana, na Sostenes aliupitia wote. Lakini alikuwa amechoka na kopo. "Ukoko, Bwana Mkubwa. Wa ugali. Mama yangu ndiye mwenye chungu."

Uso wa Bwana Sitaki ulikuwa mwekundu tangu kola mpaka masikioni. "Boma," alisema. "Sasa hivi. Ishirini na tano." Sostenes alimwona mama yake akisimama.

Bwana Mbukwa hakusimama. Aliongea kwa Kiswahili, taratibu, ili kila mtu jikoni ashibe.

"Mpeleke. Lakini karani wa boma ataandika kosa lake kitabuni. Ni sheria. Kitabu kinakwenda Daresalaam, wakubwa wanakisoma. Ataandika nini? *Mpishi alimlisha Bwana wa reli ugali. Bwana aliula siku ishirini na moja. Kila siku aliomba nyingine.*"

Nje jogoo mmoja akawika, bila sababu, kama kawaida yao.

Zaidi alitazama dari. Mama Anyesi, ambaye hakupenda kusimama bure, alibandua kipande kizuri, cha upande wa chini ambako moto ulikiuma vema, akamnyooshea Mdachi.

"Onja kisichovishwa," alisema. "Wewe umekijua na nguo tu."

"Sitaki," alisema Bwana Sitaki. Akageuka, akaondoka, viatu vikigonga ua.

Sostenes hakwenda boma. Hakuna aliyelitaja tena. Siku kumi baadaye njia ya Gulwe ikatengenezwa, unga wa ngano ukafika, na Sostenes akaoka mkate mzuri kuliko yote aliyowahi kuoka, akaukausha, akautwanga, akamvisha ndama mavazi ya Kizungu kabisa. Bwana alikula vipande viwili, akaweka uma chini.

"Laini," alisema kwa chuki, kama aliyeonewa.

Kesho yake hivyohivyo. Siku ya tatu, Zaidi alipokuwa akiondoa sahani, Bwana Sitaki alitazama dirishani, akatazama reli, akasema kama mtu anayezungumza na reli hiyo, "Mwambie mpishi. Lile kopo."

"Kopo la Ukoko na Wanawe, Bwana Mkubwa?"

"Nenda!"

Mama Anyesi aliletewa habari hiyo akiwa Kikuyu, na akaweka sharti kabla ya chungu kutoka. Kama Mdachi anataka ukoko wake, yeye naye aletewe mkate wa Mdachi. Akaletewa mkate mzima, wa moto. Aliung'ata mara moja, akautafuna kwa muda mrefu akisubiri ulie, haukulia, akampa mbuzi. Akabadili sharti: sukari guru, na bizari ipunguzwe, maana yule mtu anatia huruma akipita.

Mambo yalikwenda hivyo mwaka mmoja na zaidi. Kisha vita vya Wazungu vikaanza, na Bwana Sitaki akaitwa kwenda mbali na reli yake. Asubuhi ya kuondoka alimpa Sostenes mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na barua ya Kidachi iliyokunjwa mara nne. Treni ilipopotea upande wa Ihumwa, Sostenes alimpa Zaidi aisome.

Zaidi alisoma kimya kwanza, midomo ikicheza. Kisha akasoma kwa sauti. "*Huyu Sostenes ni mpishi hodari. Mwajirini. Msimuulize anatumia nini.*"

"Basi?" aliuliza Sostenes.

"Basi. Na sahihi yake."

"Isome tena," alisema Mama Anyesi, ambaye alikuwa amekuja kuaga treni, si mtu. Zaidi akaisoma tena. Wakaanza kurudi Kikuyu kwa miguu, Sostenes mbele na barua ndani ya kofia, na nyuma yake mama yake akimwuliza Zaidi ni neno lipi kati ya hayo lililomtaja yeye.